Je, Dalili Yatosha?

Mtu akiwa na dalili ya madhara lakini hana uthibitisho, aseme au anyamaze? Swali hili ni la zamani, ila siku hizi limetujia kwa njia ya ajabu kidogo, yaani kwa njia ya sumaku na udongo.

Kusini mwa Poland, katika nchi ya Silesia karibu na mji wa Katowice, viwanda vya chuma, vya zinki na vya umeme wa makaa ya mawe vimetoa moshi kwa miaka mingi. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa huko wamekuwa wakipima udongo kwa chombo chenye duara mfano wa sahani. Huliweka duara lile juu ya ardhi, na kwa muda wa sekunde chache chombo huonyesha jinsi udongo ulivyo na nguvu ya sumaku. Mtu mmoja aweza kupima mahali pengi kwa siku moja, na gharama ni ndogo. Kupeleka udongo maabara ili kutafuta risasi yenyewe ni kazi ya siku nyingi na fedha nyingi.

Lakini angalieni jambo hili. Sumaku haivuti risasi, wala zinki, wala kadimiamu. Yajua chuma. Ndani ya makaa ya mawe mna madini ya chuma na kiberiti. Yakiingia tanuruni hugeuka kuwa chembe ndogo sana za mviringo zenye sumaku, nazo huruka pamoja na moshi. Risasi na wenzake hushikamana na vumbi hilo na kuanguka nalo. Basi mpimaji humwona chuma, akakisia ni nani aliyefuatana naye njiani.

Na kukisia kwaweza kukosea. Udongo wa mlima wa moto, kama ule wa Kilimanjaro, una sumaku nyingi pasipo kiwanda chochote. Ndiyo maana wenye busara huchimba: vumbi la moshi hukaa zaidi katika sentimita chache za juu, bali sumaku ya mwamba hutoka chini. Tena penye majimaji chembe zile huweza kuyeyuka kidogo kidogo, chombo kikasema pako salama na risasi ingali pale.

Kwa hiyo wapo wasemao, tungojeni mpaka maabara ijibu. Wana haki yao. Amri ya tisa yatukataza kumshuhudia jirani uongo, na mwenye kiwanda ni jirani, pamoja na wote wanaopata mkate kwake. Jina likiisha kuchafuliwa halisafishwi upesi.

Hata hivyo, nani anayengoja? Si mwenye kiwanda. Ni mtoto achezaye mavumbini na kutia vidole kinywani. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri walipewa fidia na mahakama mwaka 2020, shilingi bilioni 1.3, na rufani ziliendelea mpaka Mahakama ya Juu mwaka 2024. Fedha hizo, hata zikilipwa zote, hazimrudishii mtoto akili iliyopotea.

Katika Walawi sura ya 14 mna habari ya nyumba yenye madoa ukutani. Mwenye nyumba humwambia kuhani kwamba ameona kitu mfano wa pigo. Kuhani haamuru ibomolewe. Huamuru kwanza vyombo vitolewe, kisha hutazama, hufunga nyumba siku saba, hurudi kutazama tena. Mimi naona huo ndio mpango ufaao hapa. Dalili ya sumaku haitoshi kumhukumu mtu, lakini yatosha kabisa kuwaondoa watoto mahali pale, na kudai kipimo cha maabara kifanywe, tena kwa gharama ya yule mwenye bomba la moshi. Kumdai maskini alete uthibitisho wa bei asiyoiweza ni namna nyingine ya kumnyamazisha.

Na zile hesabu za sumaku, hata kabla maabara haijajibu, waonyeshwe kwanza wale wanaolima mchicha pale, na waambiwe wazi kwamba bado ni dalili tu.