Ila Isiyoonekana

Mwenye pikapu anunuaye betri hununua asichoweza kukitazama ndani, kwani bamba za risasi zilizozama katika tindikali huzeeka hata zikiwa dukani, na betri iliyokaa muda mrefu bila ya kuchajiwa huota ukoko uipunguziao nguvu. Basi je, muuzaji aijuaye tarehe yake akanyamaza, hakudhulumu? Amedhulumu, na sheria ya Kiislamu humpa mnunuzi hiari ya kurudisha. Lakini mnunuzi asiyeuliza tarehe, asiyepima (betri iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6), kisha akaacha maji yapungue mpaka bamba zikawa wazi, au akaongeza ya mfereji badala ya yaliyotoneshwa, atamdai nani? Pagumu ni pale ambapo muuzaji naye hakuijua ila: mafakihi humwondolea dhambi ya hadaa, wala hawamwondolei dhima ya bidhaa.