Kunawa Kabla ya Kuomba

Aprili 2020 Watanzania waliombwa kusali siku tatu, tarehe 17 hadi 19, ili Mungu aiepushe nchi na korona. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, lakini makanisa na misikiti ilibaki wazi kwa kauli ya Rais John Magufuli. Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji yenye koki, na kipande cha sabuni kando. Muumini alinawa kwanza, ndipo akaingia.

Je, anayenawa amepungukiwa imani?

Hasha. Kumlinda jirani nako ni ibada.

Ugumu ulikuja baadaye. Agosti ile maonesho ya kitaifa ya wakulima, Nanenane, yalifanyika Nyakabindi, Bariadi, na mtu angeweza kuyaona kuwa ni shukrani kwa kuepushwa na korona. Shukrani ni jambo jema. Lakini idadi ya wagonjwa ilikuwa haitangazwi tena tangu ilipofika 509, na mgonjwa asiyehesabiwa ni rahisi kusahaulika hata katika dua.

Tena, kufunga milango ya safari kwa hofu ya ugonjwa nako kuna watu wake wa kuumia. Kutoka wilaya ya Busega, lango la Ndabaka huingiza wageni katika hifadhi ya Serengeti. Watalii wa kigeni nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020. Nyumbu hawakupungukiwa chochote. Dereva, mpishi na mfua mashuka ndio waliokosa riziki. Anayeusifu utulivu wa mbuga mwaka ule hana budi kuwakumbuka hao, kwa sababu mapumziko ya mgeni ndiyo yaliyokuwa ada ya shule ya watoto wao.