Duka Lililohama Julai

Septemba nilidanganya mtu ambaye hakuwa amenikosea. Alikuwa kijana wa kanjo, kitabu cha risiti mkononi, akauliza kwa upole hili duka la ushonaji ni la nani. Nikamwambia halijafunguliwa, bado tunahamisha vitu. Nyuma yangu cherehani ilikuwa imenyamaza ghafla, na sketi ya shule ilikuwa imekwama nusu chini ya sindano. Akachungulia, akasema haya, akaenda zake.

Duka ni la waya, yaani shangazi yangu, dada ya baba. Mpaka Juni alikuwa Rongo. Kodi ya chumba ikapanda, akapata kibanda cha mabati hapa Rodi Kopany, upande wa barabara ya kwenda Ndhiwa, na Julai tukabeba cherehani mbili kwa Probox. Ni mwendo mfupi tu. Ila katikati ya mwendo huo unatoka Kaunti ya Migori na kuingia Homa Bay, na leseni aliyoilipia Rongo mwezi wa Januari, iliyoandikwa kwamba inaisha 31 Desemba, ikageuka karatasi.

"Nyathina," aliniambia, "mwaka ni mmoja, mimi ni mmoja, na nimelipa."

Nilimwelewa haraka. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, muhula ukiwa katikati, na karo ya ile nusu iliyobaki sikuiona tena. Basi nikawa mlinzi wa mlango. Nakaa kibarazani na laptopu nikiandika makala za watu, na nikiona kitabu cha risiti kwa mbali, nakohoa.

Hoja ya waya si ya kipuzi. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, imeiachia serikali kuu peke yake kodi ya mapato. Ndiyo maana mimi nilipotoka Nairobi kuja huku katikati ya mwaka sikujaza fomu mbili. Ritani yangu ni moja, naituma kwa iTax kabla ya Juni kuisha, na hakuna anayeniuliza nililala wapi mwezi wa Machi. Kaunti zina kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma na leseni. Na kifungu hicho hicho kinazikataza kutoza kwa namna inayokwaza biashara kuvuka mipaka ya kaunti, au bidhaa, huduma, mtaji na wafanyakazi kusonga nchini. Nilimsomea waya kwa sauti. Akacheka mpaka akaweka mkasi chini. "Hiyo Katiba basi ije ikae hapo mlangoni badala yako."

Nina binamu Marekani aliyehama kutoka Minnesota kwenda Texas, naye pia ilikuwa Julai. Minnesota inatoza kodi yake ya mapato juu ya ile ya taifa, Texas haitozi. Akajaza fomu ya mkaazi wa sehemu ya mwaka, akailipa Minnesota kwa kile alichopata akiwa bado huko, yakaisha. Waya alitamani sana hesabu hiyo. Mimi pia. Kila mahali pachukue miezi yake.

Kisha usiku mmoja, stima zikiwa zimepotea na laptopu imezima, nikaifanya hesabu hiyo hadi mwisho. Hata ukiugawa mwaka kama wa binamu, Rodi inamdai waya kuanzia Julai. Alichonyimwa ni kurudishiwa nusu ya pesa za Rongo, hakuna popote aliposamehewa za Rodi. Tulikuwa tumechukua deni la Rongo tukaibandika Rodi. Na kuna la sensa. Usiku wa 24 Agosti 2019 waya alihesabiwa Rongo. Fedha za serikali kuu zikigawanywa kwa kaunti, idadi ya watu ni kigezo kimojawapo, kwa hiyo kichwa chake bado kinahesabiwa upande wa Migori huku miguu yake ikikanyaga soko la Rodi na kutumia choo cha Rodi.

Lakini nisijifanye kwamba ni hesabu iliyonisumbua. Ni mama anayeuza sukuma wiki mkabala nasi. Yeye hukata tikiti kila anapotandaza gunia lake, anaikunja na kuifunga kwenye pindo la leso. Siku ile ya uongo wangu alikuwa ameketi palepale. Alisikia. Alinitazama mara moja, akaendelea kukatakata mboga. Kijana wa kanjo atalipwa mshahara wake hata tukijificha. Choo kitaoshwa au hakitaoshwa kwa tikiti za huyu mama. Nilitafuta kisingizio, kile cha kila Mkenya, kwamba pesa zenyewe huliwa. Pengine. Lakini na zake pia huliwa, na yeye amelipa.

Waya kulipa mara mbili bado ni makosa, sijabadili neno hapo. Migori na Homa Bay zote zimo katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Kanda ya Ziwa. Zikitaka, zinaweza kukubaliana leseni ya fundi mmoja imalize mwaka wake popote alipo. Hilo ni la kudai kwa mwakilishi wadi, mchana, kwa sauti. Mimi nilikuwa nakohoa.

Oktoba nikamwambia waya sitakohoa tena. Siku mbili alinipakulia chakula bila kunisemesha. Siku ya tatu akahesabu pesa alizowekea kitambaa cha sare, akazifunga kwa mpira, akanituma nikaulize ofisini wanataka nakala ngapi za kitambulisho. Kitambaa tulinunua baadaye, kwa mkopo, na sketi nne zikachelewa.

Leseni zote mbili ziko ukutani sasa. Ile ya Rongo amekataa kuiondoa.