Maji Nyuma ya Tuta: Mwenye Lambo Anamiliki Nini?

Lambo la umwagiliaji la mtu binafsi ni bonde dogo au shimo lililozibwa kwa tuta la udongo ili maji ya mvua, ya kijito au ya mfereji yatulie hapo hadi kiangazi. Katika kaunti za Meru na Embu malambo ya aina hii yametapakaa kuanzia Timau na Buuri, upande wa Mlima Kenya usiojaliwa mvua nyingi, hadi nyanda za Mbeere zinazoteremkia Mto Tana. Mvua huko huja mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na katikati ya misimu hiyo mkulima wa nyanya, vitunguu au mishiri hawezi kuvuna bila akiba. Kujenga lambo ni kazi ya ufundi. Swali linalofuata baada ya kujenga ni la maadili na la dini: aliyejenga tuta amepata haki gani juu ya maji yaliyosimama nyuma yake, na amejitwika nini mbele ya wanaoishi chini yake?

Jibu linategemea kwanza asili ya tuta lenyewe. Udongo wake unatakiwa kuwa na mfinyanzi wa kutosha, umwagwe tabaka kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, na kila tabaka lishindiliwe likiwa na unyevu wa kadiri. Pembeni huachwa njia ya maji ya ziada, pana na yenye nyasi, kwa sababu tuta la udongo haliwezi kustahimili maji yanayopita juu yake: yakishafurika, humega upande wa nje, na kazi ya miezi huondoka kwa saa chache. Hatari ya pili hutoka ndani. Tundu la fuko, mzizi uliooza wa mti ulioachwa ukue juu ya tuta, au ufa wa udongo mweusi uliokaushwa na jua, hutosha kuyapa maji njia, nayo huitanua kwa kubeba udongo chembe kwa chembe. Dalili za kwanza, unyevu usio wa kawaida au mchirizi wa maji yenye tope, huonekana kwenye kitako cha tuta upande wa chini. Jirani wa chini basi anaweza kuiona hatari kabla ya mwenye lambo, ingawa hana mamlaka ya kufanya lolote.

Kiasi cha maji nacho kina maana. Ekari moja ya mboga inayohitaji milimita 5 za maji kwa siku hutumia mita za ujazo 20 hivi kila siku, yaani 1,800 kwa siku 90. Lambo la mita za ujazo 5,000, ambalo kwa macho ni dogo, hutosheleza ekari mbili tu na kitu kidogo, kwa kuwa jua na udongo huchukua fungu lao. Hata hivyo maji hayo hayo yana uzito wa tani 5,000, na yamewekwa juu ya nyumba za watu wengine. Tunda ni la mmoja. Uzito unawaelemea wengi.

Kuhusu umiliki, hoja maarufu ya kumtetea mwenye lambo imo katika risala ya pili ya mwanafalsafa John Locke juu ya serikali, iliyotolewa mwaka 1689. Locke alishikilia kwamba kazi ya mikono humpa mtu haki juu ya kitu kilichokuwa cha wote, na alitumia mfano wa maji: ya chemchemi ni ya kila mtu, lakini yaliyo katika mtungi ni ya aliyeyateka. Wanazuoni wa fikihi ya Kiislamu walikuwa wamefika karibu na hapo karne nyingi kabla yake. Kwao maji ya mto mkubwa ni ya watu wote, na yaliyotiwa chomboni ni mali ya mtu. Yale ya kisima au hodhi wakayaweka katikati, wengi wao wakisema kuwa mwenyewe hutangulia kutumia, ila hana ruhusa ya kuwanyima watu na wanyama ziada ya kunywa.

Lambo si mtungi mkubwa. Anayeteka mtungi anauacha mto kama ulivyokuwa. Anayeziba kijito anaugeuza mto wenyewe, na kila aliye chini anapokea kile tu ambacho tuta limeruhusu kipite. Locke mwenyewe aliweka sharti kwamba wengine wabakiziwe cha kutosha na kizuri vilevile, na mahali pa kulipima sharti hilo ni kijito cha mwezi wa Februari. Sheria ya Kenya imekata shauri kwa njia nyingine. Katiba ya mwaka 2010 inahesabu mito miongoni mwa ardhi ya umma, na Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inasema kuwa rasilimali za maji ziko mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Mwenye lambo hupewa kibali cha kutumia, wala si hati ya kumiliki. Hilo linalingana na fikra za kale za eneo hilo. Kabla ya mpango wa kikoloni wa kilimo, Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, kuanza kuleta hati za mtu mmoja mmoja, ardhi ilishikwa kupitia ukoo. Mwenye hati leo ana mipaka ya shamba iliyochorwa kwenye ramani, lakini mvua inayojaza lambo lake ilinyesha juu ya mashamba ya watu wengi na juu ya msitu usio wa mtu.

Kwa hiyo suala zito zaidi ni wakati wa kuzuia. Mto unapofurika Aprili, kuyakamata maji yanayokimbilia bonde la chini hakumpunguzii mtu kitu, na huenda kukampunguzia mafuriko; kuyakamata Februari ni kumnyang'anya mwenzio kikombe. Tuta ni lile lile na tendo ni lile lile, ila mwezi hubadilisha haki kuwa dhuluma. Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 zilizingatia jambo hilo zilipowataka wamwagiliaji wawe na hifadhi ya siku 90, ili wajaze wakati wa wingi na kuuacha mto upumue wakati wa uhaba. Kwenye Mto Ngusishi, karibu na Timau, chama cha watumiaji maji kimewaleta mezani wenye mashamba makubwa na wakulima wadogo ili wagawane maji kwa utaratibu wa namna hiyo.

Mito ya upande huo inaelekea Isiolo na Ewaso Ng'iro, kwa wafugaji ambao wengi wao ni Waislamu, ilhali mashamba ya juu ni ya Wakristo kwa sehemu kubwa. Inafaa kukumbuka kwamba dini zote mbili zina kesi ya maji. Kitabu cha Mwanzo kinaeleza jinsi Isaka alivyoviacha visima viwili vilivyogombaniwa, akachimba cha tatu. Hadithi ya Mtume Muhammad inahusu mfereji wa Madina: sahaba wake Zubeir, aliyekuwa juu, aliamriwa anyweshe mitende yake kisha amwachie jirani, na wanazuoni wakakadiria fungu la wa juu kuwa maji yafikayo vifundo vya miguu. Wa juu hutangulia, lakini kutangulia kwake kuna kipimo. Hukumu hiyo ingeweza kusomwa katika mkutano wowote wa watumiaji maji wa Meru bila kubadilishwa neno.

Upande wa pili wa suala ni tuta kuvunjika. Sheria za mfalme Hammurabi, takriban miaka 3,750 iliyopita, zilimtaka aliyezembea kutunza tuta lake, likavunjika, alipe nafaka ya mashamba yaliyofunikwa. Kitabu cha Kutoka kinamtoza fidia mwenye shimo lisilofunikwa endapo mnyama wa mwingine atatumbukia. Mwaka 1868, katika kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher, mahakama ya juu ya Uingereza ilikwenda mbele zaidi: mwenye hodhi la kiwanda hakuwa amezembea yeye mwenyewe, lakini maji yake yalipofurika mgodi wa jirani alitakiwa kulipa, kwa kuwa ndiye aliyeyakusanya mahali ambapo hayakuwako. Kanuni hiyo iliingia katika sheria ya Kenya. Ni kali, lakini ni ya haki: faida ikiwa ya mmoja, hasara ya faida hiyo haiwezi kupelekwa kwa asiyeulizwa.

Kanuni hiyo iliachiwa milango kadhaa, na mmojawapo ni wa kidini. Mwaka 1876, katika kesi ya Nichols dhidi ya Marsland, mwenye maziwa ya bustani alisamehewa kwa sababu mvua iliyoyabomoa ilihesabiwa kuwa tendo la Mungu. Usemi huo ungali hai kwenye matanga na mahakamani. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba binafsi lilipovunjika Solai, kaunti ya Nakuru, na kuua watu zaidi ya 40, mvua kubwa za masika zilitajwa mapema. Mvua ilikuwa ya Mungu. Tuta halikuwa lake. Kulibandika jina la Mungu juu ya njia ya maji ya ziada iliyofinywa ni kumsingizia. Hatari nyingine ni kuugeuza msiba kuwa adhabu. Kurani inasimulia mafuriko ya bwawa la watu wa Saba kama matokeo ya kutoshukuru, lakini huko walioonywa na walioangukiwa walikuwa watu wale wale. Solai waliokufa walikuwa majirani wa chini, watoto wengi wakiwamo. Katika Injili ya Luka, Yesu aliletewa habari za watu waliouawa, akataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, naye akakataa kabisa kuwahesabu kuwa wakosefu kuliko wengine.

Linabaki suala la urithi, ambalo Meru na Embu linazidi kuwa gumu kadiri mashamba yanavyogawanywa. Tuta huangukia kwenye kipande cha ndugu mmoja, maji kwa mwingine, na njia ya maji ya ziada kwa wa tatu, ambaye huiona kavu miaka mingi, akapanda migomba ndani yake. Hakuna kati yao aliyechimba, kwa hiyo sharti la Kutoka haliwagusi moja kwa moja. Lakini anayeyaacha maji yajae kila msimu anachagua upya kile alichochagua baba yake, na kila anayevuta maji kwa pampu ana fungu katika usalama wa tuta na njia yake, hata zikiwa nje ya mpaka wake. Pasipo anayevuta, wala anayekata vichaka au kuziba matundu ya fuko, lambo linatakiwa kuondolewa: maji yatolewe polepole wakati wa kiangazi, kwa idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na tuta likatwe hadi kitakoni kabla ya mvua za Oktoba.