Jangwani Ikifungwa

Mtu anayekaa Magomeni na kufanya kazi Kariakoo ana adui ambaye hakai Magomeni wala Kariakoo. Anatoka Pugu. Mto Msimbazi unaanzia huko vilimani, na mvua ikipiga Pugu usiku, sisi wa Magomeni Mapipa tunaamka na jua, nguo zimekauka kambani, kumbe bonde la Jangwani limejaa maji na Barabara ya Morogoro imefungwa. Mgeni wa Dar es Salaam akiambiwa hapapitiki huangalia juu kwanza, akaona mbingu nyeupe, akadhani anataniwa.

Asubuhi moja ya masika nilifika pale na baiskeli yangu ya mtumba, gia 21, niliyokuwa nikijivunia kuliko simu yangu. Trafiki walikuwa wamesimama kuzuia magari. Vijana wa mikokoteni walishaanza kazi ya kuvusha watu kwa malipo, na nyuma yao waendesha baiskeli watatu walikuwa wameingia majini, suruali zimekunjwa hadi magotini, wakikokota. Sikuwafuata, na mpaka leo naona nilifanya sahihi. Maji ya Msimbazi ni ya rangi ya chai ya maziwa. Huoni ukingo wa lami, huoni mtaro uliobebwa mfuniko wake, na kama kuna shimo utaligundua kwa gurudumu la mbele. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 katika jiji hili, na wengi wetu tulio wakubwa tunakumbuka bonde hilo lilivyokuwa siku zile. Nikageuza usukani.

Njia mbadala ni Barabara ya Kawawa: unashuka Kigogo, unavuka mto huohuo kwa daraja, unatokea Ilala Boma, kisha unaishika Uhuru kuelekea Karume. Ni mchepuko, ingawa neno lenyewe siku hizi halitamkiki mbele ya mke wa mtu tangu ile kampeni iliyotuambia tubaki njia kuu. Kwa mwenye baiskeli safari inakuwa karibu mara mbili. Hapo ndipo saa ilipoanza kunisumbua.

Kwenye mataa ya Magomeni nilimkuta Bwana Mayai. Jina lake silijui. Sote tunamwita hivyo kwa sababu kila siku hupeleka mayai Kariakoo kwa baiskeli ya Finiksi nyeusi iliyozeeka, trei kumi zimepangwa juu ya keria na kufungwa kwa vipande vya tyubu. Trei moja mayai 30, kwa hiyo nyuma ya mgongo wake kuna mayai 300.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Jangwani wamefunga?"

"Wamefunga."

"Basi leo ni siku ya kutembea," akasema, akashuka kwenye kiti na kuanza kukokota kuvuka barabara, kana kwamba ana siku nzima mbele yake.

Nikamcheka kimoyomoyo. Nikakanyaga.

Nilichosahau ni kwamba sikuwa mimi peke yangu niliyechepuka. Kila gari lililozoea kupita Jangwani lilikuwa limemwagwa Kawawa: daladala, malori, bajaji, bodaboda zinazopanda hadi njia ya waenda kwa miguu, na magari madogo yenye madereva wasioijua Kigogo wanaogeuka ghafla kwa kuona mwenzao kageuka. Unakimbia maji, unaingia katikati ya watu wote waliokimbia maji. Na kila mmoja ana dakika anazodai.

Wenzangu kadhaa wa baiskeli walihamia upande wa kulia wakakutana na magari uso kwa uso. Hoja yao naijua, nimeisikia kijiweni mara nyingi: bora uone kinachokuja kukuua. Jibu lake ni hesabu ya darasa la tano. Gari likienda kilomita 50 kwa saa na wewe 15, ukiwa mbele yake mkielekea upande mmoja linakukaribia kwa 35. Ukilikabili, linakukaribia kwa 65. Na dereva anayetokea mtaa wa pembeni ili aingie kushoto hutazama kulia kwake, kwa sababu magari yanatoka kulia. Wewe unamjia kutoka kushoto. Hana habari nawe.

Mimi sikwenda upande ule. Nilibaki kushoto, kama sheria inavyotaka, na bado nikaumia. Ndiyo maana naandika.

Foleni ilikuwa imesimama. Mbele yangu lori lenye tela, na kati yake na mtaro palikuwa na upenyo wa kama mita moja, mweupe kabisa, unaonialika. Kama kulikuwa na indiketa inayowaka, tope lilikuwa limeifunika. Nikaingia. Nilipofika usawa wa tela, lori likaanza kusogea, kichwa kikaenda kulia. Nikafurahi. Nilijua dereva ameniona na ananipa nafasi.

Hakuwa ameniona. Alikuwa anakata kona kushoto, na lori refu haliwezi kukata kona kushoto bila kwanza kutanua kulia. Kichwa kinatanua, kisha kinarudi, na magurudumu ya nyuma hayapiti palipopita ya mbele. Yanakatiza kona, yanafuata ukingo. Upenyo wa mita moja ukawa nusu mita, ukawa upana wa usukani, na matairi ya tela, yale mapacha, yakaja pembeni yangu taratibu sana, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Watu hudhani ajali ni kishindo. Hii ilikuwa kama mlango unaofungwa.

Mama mmoja wa vitumbua aliliona kabla yangu. Akaacha kikaango akapiga bodi la tela kwa kiganja, pa pa pa pa, kama konda anayesimamisha gari. Utingo akasikia, akapiga kelele, lori likasimama. Mimi nilikuwa nimeshajirusha mtaroni. Baiskeli ilibaki juu.

Mtulinga ulivunjika. Wiki sita mkono ukiwa umening'inia kwenye kitambaa shingoni. Fundi wetu wa Mapipa aliigeuza rimu ya baiskeli mara mbili akairudisha chini. "Hii sasa," akasema, "labda uifanye kiti cha chungu."

Siku ile dereva wa lori alikuja kunijulia hali mtaroni akitetemeka kuliko mimi. Nilimuuliza kama hakuniona kwenye kioo. Akanipeleka, mkono wangu nimeukumbatia, hadi chini ya mlango wake. Kisha nikarudi pale nilipokuwa nimepenya, nikaangalia kioo cha pembeni kutoka hapo. Nikaona mabati ya tela na kipande cha anga. Kiti cha dereva hakikuonekana. Nikarudi nyuma ya tela hatua kadhaa, nikasogea kulia kidogo, ndipo kiti kikatokea kwenye kioo, na uso wake ungekuwa juu yake.

Bwana Mayai alitukuta bado tuko pale. Akaegesha Finiksi kwa standi yake ya miguu miwili, akanitazama mimi, akaitazama baiskeli.

"Ulikuwa unawahi saa ngapi, mwanangu?"

"Mbili na nusu."

Akavuta mkono wa shati, akaiangalia saa yake. Ilikuwa mbili na dakika tano.

Jangwani ilifungwa tena kabla masika hayajaisha. Safari hii nilimsubiri mzee kwenye mataa. Tulikokota kwenye makutano, tukapanda palipokuwa wazi, tukasimama nyuma ya kila lori mpaka limalize kona yake, wala hatukuongea sana. Bodaboda zilitupigia honi. Kijana mmoja alituita wazee, na mimi sijafika arobaini. Tulipofika Karume alifungua vile vipande vya tyubu na kuanza kukagua trei moja moja, mimi namshikia. Kwenye trei ya saba lilikuwepo yai lenye ufa.

"Hilo nililiona tangu dukani," akasema, akaliweka pembeni.

Sikumbishia.