Nyama, Mboga na Ndugu Yetu

Somo: Warumi 14:1-21, 1 Wakorintho 8



Wakristo wa Rumi waligombana mezani. Wengine walikula kila kitu, wengine mboga tu, na kila upande uliutazama wa pili kwa jicho baya. Mtume Paulo hakuwaambia nani apike nini. Aliwakataza walao nyama wasiwadharau wasiokula, na wasiokula wasiwahukumu walao, maana wote wana Bwana mmoja.

Ugomvi kama huo umezuka tena, na safari hii walioanzisha ni serikali za mitaa huko Ulaya. Mwaka 2009 mji wa Ghent, nchini Ubelgiji, uliitenga Alhamisi kuwa siku ya chakula kisicho na nyama. Shule za mji ziliingia katika mpango huo, wala hakuna aliyelazimishwa. Mwezi Desemba 2021 baraza la mkoa wa Oxfordshire, Uingereza, lilipiga kura kwamba chakula kitolewacho katika hafla zake kiwe cha mimea tu. Wakulima waliandamana mjini Oxford kupinga. Mwezi Machi 2022 uamuzi ukathibitishwa.

Sababu iliyotolewa ni hali ya hewa. Ng'ombe hucheua, kama kila mtoto wa darasa la nne ajuavyo (au apaswavyo kujua), na tumbo lake hufanya gesi ya methani ambayo huitoa kwa kinywa. Gesi hiyo, ikipimwa kwa uzito na kwa muda wa miaka 100, huzidi hewa ya ukaa kwa zaidi ya mara 25 katika kuitia dunia joto. Tena misitu hufyekwa kwa ajili ya malisho, na kwa ajili ya kulima soya ya kulishia mifugo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2023 kwamba mifugo huchangia karibu 12 kwa mia ya gesi zote za joto zitokanazo na kazi za wanadamu. Makaa ya mawe na mafuta yana sehemu kubwa zaidi, na mtu asijidanganye kwamba sahani ya maharage itafuta moshi wa ndege yake. Hata hivyo 12 kwa mia si haba.

Wako watakaocheka na kusema kwamba Wazungu wameshiba, sasa watafuta la kufanya. Kicheko hicho kimekosa shabaha. Baraza la Oxfordshire halikuingia jikoni kwa mtu. Lilianza na meza yake lenyewe, na hivyo ndivyo impasavyo kiongozi kuhubiri. Wala wakulima hawakusema upuuzi. Yako malisho ya vilimani yasiyofaa kwa jembe, na mtu ambaye riziki yake ni mifugo ana haki ya kuuliza ataishije. Onyo la Paulo lawahusu wote wawili.

Lakini tukisoma Warumi 14 peke yake twaweza kuishia kwenye adabu njema ya mezani. Mla mboga wa Rumi aliitwa dhaifu wa imani, kwa kuwa aliogopa najisi. Yeye aachaye nyama kwa sababu ya hali ya hewa haogopi najisi yoyote. Amekaribia zaidi sura ya 8 ya Wakorintho wa Kwanza, ambapo Mtume akubali kabisa kwamba chakula hakimwongezei mtu wala kumpunguzia kitu mbele za Mungu, kisha asema kwamba ikiwa chakula chake kitamwangusha ndugu yake, yu tayari kutokula nyama kamwe. Basi yatupasa kuuliza ni nani aangukaye.

Kuanzia mwaka 2020 majira 5 ya mvua mfululizo yalikosekana katika Somalia, kusini mwa Ethiopia, na kaskazini na mashariki mwa Kenya. Katika Kenya peke yake mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikufa. Hapa kwetu Tanzania, mwanzoni mwa mwaka 2022, mizoga ilitapakaa malishoni Simanjiro. Wataalamu waliouchunguza ukame wa Pembe ya Afrika walitangaza mwaka 2023 kwamba ongezeko la joto duniani liliufanya uwe rahisi kutokea kwa mara 100 au zaidi. Tazameni basi mambo yalivyogeuka. Aliyeanguka ni mfugaji, mtu wa maziwa na nyama, ambaye sehemu yake katika moshi wa dunia ni ndogo mno. Kumwendea huyo na mahubiri ya mboga ni kumpiga mtu aliyekwisha kulala chini. Nabii Isaya, katika sura ya 58, alikwisha kuikataa saumu ya watu wafungao huku wakimlemea mnyonge.

Neno hili lamhusu kwanza mwenye sahani iliyojaa. Yupo Uingereza, ambako mtu wa kawaida hula nyama mara kadhaa kuliko Mtanzania. Yupo pia katika miji yetu, kwenye nyama choma ya kila mwisho wa juma, na kwenye arusi ambapo heshima ya ukoo yapimwa kwa idadi ya ng'ombe waliochinjwa, na mifupa yenye minofu yatupiwa mbwa. Hatuna haja ya kungoja serikali itufundishe. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 chazitaja Ijumaa zote za mwaka, isipokuwa Sikukuu ya Krismasi ikiangukia siku hiyo, kuwa siku za kufunga au kujinyima. Ni wangapi wanaozishika nje ya Kwaresima? Danieli na wenzake watatu walikula mboga na kunywa maji siku 10, wakaonekana wenye afya kuliko vijana waliolishwa chakula cha mfalme. Nao hatusomi kwamba walikuwa na kisamvu cha karanga.

Twapendekeza, Halmashauri ya mtaa ikikubali, kwamba mkutano wowote wa Kanisa ufanyikao siku ya Ijumaa upikiwe chakula kisicho na nyama: makande, maharage ya nazi, mlenda, chochote ambacho Umoja wa Mama wataona chafaa. Fedha itakayosalia iwekwe kando kwa ajili ya wafugaji waliopoteza mifugo, na ipelekwe kwa mkono wa dayosisi yao. Wagonjwa, wazee walio dhaifu, akina mama wanyonyeshao na watoto wadogo hawamo katika shauri hili. Nyama ikiwapo nyumbani, hao ndio wapakuliwe kwanza.