Andika Majina Kabla ya Kuandika Mchele

Masomo: Kumbukumbu la Torati 16:13-14, Mithali 15:17, Luka 15:11-32, Nehemia 8:9-12



Wiki hii kila nyumba ina orodha. Iko kwa simu, ama imeandikwa nyuma ya daftari la mtoto: mchele, unga wa chapati, mafuta, vitunguu, dania, nyama, soda. Wengine wanapiga simu ushago kuuliza kama yule mbuzi bado yuko. Wengine wanauliza nauli, manake sote tunajua Desemba ikikaribia siku ya 24 gari zinapandisha bei.

Mimi sina neno na orodha hiyo. Mungu si adui wa chapati. Soma Kumbukumbu la Torati 16:14 utaona Mungu mwenyewe anawaamuru watu wake wafurahi katika sikukuu. Wasikae na nyuso za matanga! Lakini angalia kitu kimoja. Katika mstari huo Mungu hataji chakula. Anataja watu. Mwana, binti, mtumishi wa kiume, mtumishi wa kike, Mlawi, mgeni, yatima, mjane. Ukiacha wewe mwenye nyumba, hao ni aina nane za watu. Sikukuu ya Mungu inaanza na watu, halafu sufuria inafuata.

Kwa hivyo leo nakuomba ugeuze karatasi yako. Kabla ya kuandika mchele, andika majina. Nina majina manne ya kukusaidia kuanza.

1. Yule anayepika

Nilikulia mashambani, na picha ya Krismasi iliyo kichwani mwangu imejaa moshi. Mama, shangazi zangu na dada zangu waliingia jikoni kabla jogoo hajawika. Kuku wamwagiwe maji ya moto wanyonyolewe, unga ukandwe kwa karai kubwa, chapati zisukumwe mpaka mabega yaume. Wanaume walikaa chini ya mti wakingoja kuitwa. Na ilipofika saa tisa, watu wote wameshiba, mama alikuwa bado amesimama. Mkononi ana shingo ya kuku na kipande cha chapati kilichopoa, na bado anauliza ni nani hajapata supu.

Wahubiri wengi tukifika Luka 10 tunamgonga Martha. Hebu tusome vizuri. Bwana Yesu hakumwambia Martha azime moto. Alimwonyesha kwamba anasumbuka na kuhangaika kwa mambo mengi. Na ukifungua Yohana 12:2, Martha anahudumu tena mezani hapo Bethania, na safari hii hakuna anayemkemea. Kazi ya jikoni haikuwa dhambi. Shida ni mtu mmoja kubeba sherehe yote mgongoni mpaka furaha inamwisha.

Sasa nenda Yohana 21. Yesu amefufuka. Wanafunzi saba wamekesha ziwani bila kupata kitu. Wanafika ufuoni wanakuta nini? Moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Mfalme wa wafalme ndiye amewasha moto, ndiye anawaita waje wale! Baba, kama Bwana wako alipika, wewe ni nani usishike kisu umenye viazi? Kijana, kuosha sufuria hakupunguzi uanaume wako. Na akina mama, tazameni hiyo karamu ilikuwa na nini: samaki na mkate. Si lazima vyakula saba ndio iwe Krismasi.

Tukiwa bado jikoni, kuna dada wa kazi. Kama anasafiri kwao, mlipe kabla hajafunga mkoba, manake Kumbukumbu la Torati 24:15 inasema mshahara wa maskini ulipwe siku hiyohiyo kabla jua halijatua. Kama anabaki kwako, kiti chake kiwe mezani pamoja na wengine.

2. Yule mliyekosana

Katika Mithali 15:17 Suleimani anapima sahani mbili. Moja ni mboga tupu, lakini walao wanapendana. Nyingine ni ng'ombe aliyenoneshwa, lakini kuna chuki mezani. Mfalme tajiri kama yule anachagua mboga! Kwa lugha yetu ya jikoni, afadhali ugali na sukuma wiki mnacheka, kuliko mbuzi mzima na watu hawaangaliani machoni.

Kuna familia ninayoijua. Wamenipa ruhusa nisimulie, ila majina na kijiji naviacha. Ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, waligombana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Boma zao zimetenganishwa na ua wa mkonge tu. Krismasi ikifika, kila mmoja anachinja kwake. Mama yao mzee alikuwa anakula mara mbili: saa saba kwa mkubwa, saa kumi kwa mdogo. Akikosa kwa mmoja, itasemwa amechagua upande. Basi mama huyo anavuka ule ua na bakora yake, tumbo limejaa, anajilazimisha kumeza ili mambo yasiharibike zaidi. Miaka kadhaa ilipita hivyo. Mwishowe akawaambia, "Mimi sina matumbo mawili. Mwaka huu nitakaa kwangu ninywe chai."

Neno hilo lilimchoma yule mdogo. Akampigia kaka yake simu, haikushikwa. Akapiga tena, haikushikwa. Mkesha wa Krismasi akavuka ua mwenyewe, mkononi ana sukari kilo moja. Hakupewa kiti haraka. Akasema akiwa amesimama, "Kaka, sikuja kwa maneno ya shamba. Hayo tutawaachia wazee mwaka ukianza. Nimekuja kwa sababu ya mama."

Kesho yake walikula wote kwa nyumba ya mama. Sitawadanganya kwamba walikumbatiana na kulia. Maneno yalikuwa machache, na ule mpaka ulichukua miezi mingi mbele ya wazee. Lakini siku hiyo mama alikula mara moja, kwa sahani moja, watoto wake wote wawili wakiwa mbele yake.

Mpendwa, wengi tunangoja kesi iishe ndio tusalimiane. Yesu katika Mathayo 5:23-24 anatuambia tukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu ana neno juu yetu, tuache sadaka pale, twende tukapatane kwanza. Kama sadaka ya Mungu inaweza kungoja, kweli nyama yako haiwezi kungoja?

Sasa nisieleweke vibaya. Simaanishi umkaribishe mezani mtu aliyewadhuru watoto wako ama anayekupiga. Kusamehe si kufungua mlango kwa hatari, na mambo kama hayo yana viongozi na yana sheria. Paulo katika Warumi 12:18 anajua kuna amani isiyokuwa mikononi mwetu pekee. Anatutaka tufanye ile sehemu inayotuhusu. Nazungumzia yule mliyenyamaziana kwa sababu ya maneno, pesa, ama ule urithi. Piga simu. Isiposhikwa, piga tena. Isiposhikwa, kuna miguu.

3. Yule anayeona haya kuja

Kila Desemba kuna kijana hapo Nairobi ama Mombasa anayewaambia wazazi, "Siku hiyo nitakuwa kazini." Kazi yenyewe haipo, iliisha tangu Agosti. Anachoogopa ni kushuka kwa gari na mfuko mtupu, binamu zake wamekuja na magari, na mtu amuulize mbele ya wote, "Wewe umetuletea nini?" Kuna binti ambaye ndoa imevunjika, anaogopa kuulizwa bwana yuko wapi. Watu hawa watakula mkate na chai peke yao kwa chumba kimoja, na sisi tutasema ati wamejitenga na familia.

Yule mwana wa Luka 15 alirudi bila chochote. Viatu hana, harufu ya nguruwe iko kwa nguo. Baba alimwona akiwa bado mbali, akakimbia. Hakutazama kama amebeba mfuko. Alitazama kama ni mwanawe. Halafu angalia mwisho wa hadithi: aliyebaki nje ya karamu ni kaka mkubwa, yule mwenye kazi na mwenye heshima. Kwa nini? Alikuwa anahesabu nani amefanya nini na nani amekula nini. Na baba akatoka nje tena, akamsihi na yeye. Kwa chakula kimoja tu, baba alitoka mara mbili, kila mara kwa mtoto mmoja.

Wazazi, tokeni. Mpigie mtoto mwambie, "Njoo hivyo hivyo." Kama unaweza, mtumie nauli kimyakimya, bila kuitangaza kwa kikundi cha familia. Na wewe ambaye Mungu amekubariki mwaka huu, mezani si mahali pa kusoma nani alichanga ngapi.

Nawe uliyeamua kukopa kwa simu ili uonekane, sikiliza mchungaji wako. Januari shule zinafunguliwa. Kuna karo, kuna sare, kuna vitabu. Aliyekukopesha hatakuja kula chapati na wewe, lakini Januari atakupigia simu! Kama unacho cha kuku mmoja, pika kuku mmoja, ongeza supu, mshukuru Mungu. Mzazi anayekupenda anataka kuona uso wako.

4. Yule ambaye hajaandaliwa kitu

Nehemia 8 inatupeleka Yerusalemu, kwenye uwanja mbele ya Lango la Maji. Ezra amesoma torati tangu asubuhi hadi adhuhuri, na watu wanalia kwa sababu Neno limewachoma. Wanaambiwa wasilie, waende zao wakale vinono na kunywa vitamu. Wengi tunasimama hapo, Amina, tunakimbilia nyama. Lakini agizo linaendelea: wapeleke sehemu kwa wale ambao hawajaandaliwa kitu. Na ukifika mstari wa 12 utaona walitii, wakala, wakapeleka, wakafurahi sana. Ile furaha kubwa imeandikwa baada ya sahani kutoka nje ya mlango.

Unamjua huyo mtu. Ni mlinzi wa geti la ploti yenu, ambaye tarehe 25 atakuwa zamu. Ni mama wa pale nyuma aliyezika mwaka huu, na hii ni Krismasi yake ya kwanza na kiti kitupu. Ni mgonjwa aliyelazwa hospitali na ndugu zake wako mbali. Usingoje mabaki ya jioni yaliyogusiwa gusiwa. Pakua sahani yake kabla familia haijaketi, ifunike vizuri, mtume mtoto aipeleke. Mtoto akizoea kubeba sahani hiyo, umemhubiria ujumbe ambao mimi siwezi kuuhubiri kwa saa nzima.

Hori la Bethlehemu

Namalizia kwa mwenye sikukuu. Yusufu alienda Bethlehemu kwa sababu ndiko kwao. Alikuwa wa ukoo wa Daudi. Tunaweza kusema alirudi ushago, na mke mjamzito. Na huko kwao, Luka 2:7 inatuambia, nafasi ilikosekana. Jina Bethlehemu maana yake ni nyumba ya mkate, na Mkate wa uzima alipofika akalazwa kwenye hori, chombo cha kulishia mifugo. Sijui kama mji huo ulikosa chakula usiku ule. Najua ulikosa nafasi.

Nyumba zetu zisirudie hivyo. Ukitengeneza nafasi kwa anayepika, kwa mliyekosana, kwa mwenye haya na kwa asiye na kitu, kumbuka Mathayo 25:40: Bwana anahesabu lile alilotendewa mdogo kabisa kuwa ametendewa yeye. Na kama mpaka leo Yesu mwenyewe hajapata nafasi moyoni mwako, jina lake liandike la kwanza kabisa. Yeye hachagui nyumba kubwa. Anabisha hata mlango wa mabati.

Tuombe: Baba wa mbinguni, asante kwa kumtuma Mwanao kwetu tulipokuwa mbali. Tupe ujasiri wa kupiga simu tunayoiogopa. Wape nguvu wanaopika, wafikishe salama wanaosafiri, wafariji walio na kiti kitupu. Kila mkate utakaomegwa nyumbani mwetu uwe na jina lako juu yake. Kwa jina la Yesu, Amina.

Ya kufanya nyumbani wiki hii

1. Kaeni kama familia muandike majina manne, moja kwa kila sehemu ya ujumbe huu.
2. Gawaneni kazi za jikoni sasa: nani atamenya, nani atasukuma chapati, nani ataosha vyombo. Baba awe na kazi yake kwa orodha.
3. Ile simu ngumu ipigwe kabla ya Jumapili ijayo. Kama unahitaji mtu wa kuomba nawe kwanza, ongea na mzee wa kanisa wa eneo lako.
4. Amueni mapema sahani ya kwanza itaenda kwa nani, na ni nani ataibeba.

Mbarikiwe, na Krismasi njema.